Mzee Limbu Alipokataa Kuketi Nami

Mazwi, Sumbawanga
Julai 14

Mpendwa dada Zita,

Shikamoo dada yangu, na tumsifu Yesu Kristo. Naamini barua hii itakukuta mzima, umeshazoea kengele ya alfajiri na kulima bustani ya masista, na kile kifua chako kimekupa nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu imekuja na upepo wake wote, asubuhi mtu unashika mkasi unadhani umeshika barafu, lakini tunaishi. Baba na mama wamemaliza kuvuna mahindi kule Milanzi, umebaki ulezi kidogo. Goti la mama linamsumbua asubuhi, ila jua likishatoka analisahau na kuanza kugombana na kuku. Mimi nipo na cherehani yangu hapa Mazwi, na kazi ipo, maana baada ya mavuno kila mtu anakumbuka kwamba hana nguo ya harusi ya jirani.

Simu najua huruhusiwi mpaka malezi yako ya usista huko unovisini yaishe, ndiyo sababu nimekaa chini nikuandikie kwa mkono. Nina habari ndefu. Nianze na mwisho wake ili usisome roho ikiwa juu: mambo yamekuwa mema, dada. Juzi ndiyo mara ya kwanza tangu mwezi uliopita nimekula nikashiba na kulala nikalala. Sasa tulia nikueleze yalivyokwenda, na mama mlezi wenu akiisoma barua hii kabla yako, mwambie asishtuke akikuta mahali nimeandika kwamba nilimla askofu. Ni mambo ya sataranji, na kosa ni lako wewe uliyenifundisha.

Unamkumbuka Enock, yule afisa mifugo niliyekuandikia habari zake wakati wa Kwaresima. Ni mtoto wa Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Nyumbani kwao ni Malangali, ingawa kazi yake iko bondeni, Mtowisa, ambako simu inashika ukipanda juu ya kichuguu na kuelekea upande mmoja bila kupumua. Pasaka alinipeleka kwao. Nilikuwa na hofu, Mfipa mimi na ushamba wangu, lakini baba yake, mzee Limbu, alinipokea vizuri kuliko wote. Alinishika mkono, akanitania kwamba Wafipa tumezoea ulezi mpaka tunawaogopa ng'ombe, akaniuliza nimefuata nini kwa watu wanaonuka maziwa. Ni mwanajeshi mstaafu, mrefu, sauti yake inasikika mpaka kwa jirani. Enock alipomwambia kwamba nacheza sataranji, mzee alikwenda ndani akatoka na ubao aliotoka nao kambini miaka hiyo, kete nyingine zimepotea, askari mmoja ni kizibo cha soda. Tukacheza uani mpaka ng'ombe wakarudi. Alinifunga, dada, akanifunga tena. Akacheka, akasema nacheza kama mtu anayeomba ruhusa.

Nilirudi Mazwi nikiwa nimempenda yule mzee. Nilijiambia kwamba hata Enock akinichosha, nitabaki kwenye nyumba ile kwa ajili ya baba yake.

Baada ya Pentekoste washenga wao walikuja Milanzi. Baba aliwapokea, wakala, wakaeleza lililowaleta. Wazee wetu wakawajibu kwamba posa imesikika, watu wavune kwanza, halafu warudi na mahari. Mama alipiga vigelegele vya chini chini ili majirani wasikie lakini wasijue. Mimi nikaanza kukata vitambaa vyangu mwenyewe badala ya vya watu.

Hapo ndipo mzee Limbu alipobadilika. Wiki ileile nilimwona sokoni hapa Mazwi, mimi natoka kununua uzi, yeye anakuja upande wangu. Aliponiona aligeuka ghafla, akasimama kwenye ukuta wa mashine ya kusaga kama mtu aliyeitwa na ukuta, akakaa hivyo mpaka nikapita. Nikadhani hakuniona vizuri, macho ya uzee. Siku nyingine nilikutana naye njiani Malangali, hakukuwa na pa kukwepea. Nikapiga goti kama mama alivyotufundisha, nikapiga makofi yangu taratibu, nikamwamkia. Aliitikia, lakini aliitikia huku akiutazama mlima, akapita pembeni ya njia kwenye majani marefu, mzee mzima na viatu vyake safi. Nilibaki nimepiga goti mwenyewe, na mwendesha bodaboda mmoja akapunguza mwendo ili ashuhudie vizuri.

Nilikwenda nyumbani kwao kumsalimia mama Enock. Tumekaa sebuleni tunachambua maharage, nikasikia kikohozi nje ya uzio, kikohozi kikubwa cha mtu asiyeumwa. Mama Enock akainuka haraka, akanishika mkono, akanipeleka jikoni. Kutokea jikoni nilimsikia mzee akiingia, akiomba maji, akinywa, akitoka. Mama Enock akaendelea na habari za maharage kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilitaka kumuuliza, nikaacha. Utamuulizaje mama wa watu kwa nini mumewe hataki kukuona?

Nikampigia Enock. Nilimpata akiwa juu ya kichuguu chake, nikamweleza kwamba baba yake ananikimbia. Alicheka, akasema baba yuko hivyo, nisijali, halafu mtandao ukamla. Kwa hiyo nikajali peke yangu. Mavuno yakaisha, washenga hawakurudi. Baba akaanza kuuliza maswali ambayo si maswali, kama vile Wasukuma huwa wanavuna lini. Mama akaacha kuwaambia watu. Dada, sijui kama unaelewa nilivyokuwa. Nilikuwa nashona sare ya kwaya, nikaweka mikono ya shati upande wa nyuma.

Katikati ya hayo ndipo yakatangazwa mashindano. Mwalimu Felisiani, yule anayeongoza kwaya na ambaye sasa ameanzisha klabu ya sataranji kwenye ukumbi wa parokia, alileta wachezaji kutoka Laela, Namanyere na kwingineko, na mshindi atakwenda Mbeya Septemba kucheza mashindano ya kanda. Sikutaka kwenda. Felisiani alinifuata dukani siku ileile ya kuanza, akasema amekosa hata mwanamke mmoja na kwamba anaona aibu mbele ya wageni. Nikafunga cherehani, nikaenda. Nilipoingia ukumbini nilimwona mzee Limbu kwenye kona ya mwisho, mgongo wake umenielekea. Raundi zote alikaa hivyohivyo, mgongo tu. Wengine walikuwa wanacheza na wapinzani wao, mimi nilikuwa nacheza na mpinzani wangu na mgongo wa mzee Limbu.

Nilicheza vizuri, sijui kwa nini, labda kwa sababu sikuwa na nafasi ya kuogopa. Yeye naye akawa anawafunga watu mmoja baada ya mwingine. Raundi ya mwisho Felisiani alipobandika karatasi ukutani, mimi na mzee tulikuwa juu ya wote kwa pointi sawa, na majina yetu yalikuwa kwenye mstari mmoja. Yeye kete nyeupe, mimi nyeusi.

Nikaenda kuketi. Meza yenyewe ndogo, magoti ya watu wawili yanakaribia kugusana, na kanuni za Felisiani zinataka mshikane mikono kabla ya kuanza. Mzee Limbu alikuja mpaka katikati ya ukumbi, akaniona nimeketi, akasimama. Akageuka, akamwita Felisiani pembeni. Alijaribu kunong'ona, lakini nimeshakwambia habari ya sauti yake. Ukumbi mzima ulisikia akisema kwamba yeye hawezi kuketi meza moja na huyo binti wa watu, wala kumshika mkono. Hata jina langu hakulitaja. Felisiani akamuuliza kwa nini. Mzee akajibu kwamba sababu anayo, ila si ya kusemwa pale.

Watu wakaanza kuguna. Jamaa mmoja wa Namanyere nyuma yangu alimwambia mwenzake kwamba Wasukuma hawa wana dharau, mwingine akasema ni kwa sababu ya mwanamke, mzee anaogopa kufungwa. Wapo waliojua habari ya posa, wakanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonichoma zaidi. Felisiani, maskini, alimweleza mzee kwamba asipoketi atahesabiwa ameshindwa. Mzee akasema hapana, kucheza atacheza, tena anataka sana kucheza, ila asikae uso kwa uso na mimi. Wakazungumza, Felisiani akakuna kichwa, mwishowe akaniuliza kama nitakubali tucheze kwa mbao mbili, moja jukwaani, nyingine chini, na pazia kati yetu.

Pazia lenyewe dada ni lile nililolishona mimi kwa ajili ya igizo la Noeli, lile zito la rangi ya damu ya mzee. Nilikubali. Nilisema kwa sauti ili na yeye asikie, kwamba hata akitaka kucheza akiwa Malangali mimi nitacheza naye. Watu wakacheka. Mzee akapanda jukwaani, pazia likavutwa. Felisiani akaweka kiti chake pale linapoishia, mahali anapotuona wote wawili, akaishika saa yeye mwenyewe. Kwa sababu kanuni ni kanuni, alimshika mkono mzee kule ndani, halafu akatoka akaja kunishika mkono mimi, kama mtu anayeuleta kutoka posta.

Felisiani akatangaza, kwa ile sauti ya kuwapa waimbaji noti, kwamba nyeupe imesogeza askari wa mfalme nyumba mbili. Unajua mimi hapo huwa najibu nini. Tangu tukiwa shule namjibu mtu vilevile, askari wangu wa mfalme mbele ya askari wake, tunatazamana katikati kama majirani wenye adabu, halafu najilinda mpaka mtu achoke. Wewe ndiye uliyekuwa unacheza ule ulinzi wa Sisilia, na mimi nikikwambia ni wa watu wanaotafuta kifo. Siku ile nilikuwa nimekasirika, dada. Nilimshika askari wa mbele ya askofu, upande wa malkia, nikampeleka nyumba mbili. Felisiani akatangaza, nikasikia, nyuma ya pazia, kiti kikisogezwa.

Ni ajabu jinsi ulinzi ule unavyokwenda ukiwa na hasira. Humjibu mtu pale anapokusubiri, unamshika ubavuni. Tukabadilishana askari katikati, farasi wakatoka, nikamweka askofu wangu pembeni kabisa ya mfalme, kwenye ule mstari mrefu wa mshazari unaopita ubao wote mpaka kwake. Ndilo tawi wanaloliita Joka. Ulinifundisha ukiwa umelala kitandani bwenini, bila ubao, na mimi nikajifanya nimesinzia. Kumbe nilikuwa nasikia.

Mzee naye hakuwa mtu wa kutishwa na joka. Akampeleka mfalme wake upande ule, mimi wangu nimemficha upande huu, na hapo ndipo inapokuwa kama nyumba mbili zinazochomana moto. Kila mtu anamkimbilia mfalme wa mwenzake, na atakayechelewa hatua moja ndiye maiti. Akamtoa askari wake wa pembeni kabisa, akawa anamsukuma kuja kwangu. Felisiani akitangaza, anasukuma tena. Nilisikia vizuri mzee alivyokuwa anaziweka kete zake kule juu, anaziweka kwa nguvu, ta, mwanajeshi hasa. Sisi tuliokuwa chini hatukumwona, tulikuwa tunausikia mkono wake tu.

Akafungua njia mbele ya mfalme wangu. Ngome yake na malkia wake wakawa wanatazama mlango wangu. Watu waliojikusanya nyuma ya kiti changu wakaanza kuhema, na yule wa Namanyere akasema kwisha habari yake. Niliutazama ubao nikaona ananifunga, si papo hapo, lakini ananifunga, na sikuwa na cha kuzuia. Kilichobaki kilikuwa kimoja. Nilichukua ngome yangu, nikamla farasi wake, farasi aliyekuwa analindwa na askari, ngome nzima kwa farasi. Felisiani alinitazama, akafungua mdomo, akakumbuka kwamba yeye ni mwamuzi, akaufunga. Akatangaza. Kule nyuma ya pazia ile ta haikuja, dada, nikawa nasikia upepo ukipiga mabati. Halafu nikamsikia mzee akicheka kidogo, puani, akaila ngome yangu.

Baada ya hapo ukuta wa mfalme wake ulikuwa umebomoka, na mimi sikumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Malkia wangu akaingia, askofu wa pembeni akafunguka, farasi akarukia pale alipoogopa. Nikamla askofu wake njiani, ndiyo hiyo niliyokuonya. Kila hatua yangu ilikuwa inamtisha mfalme, kwa hiyo yeye hakuweza kutumia ile hatua moja aliyoihitaji kuniua. Kete zilikwenda pale nilipotaka. Mwishowe Felisiani aliangalia ndani ya pazia, akasimama akatangaza kwamba mzee Limbu amemlaza mfalme wake chini.

Walipiga makofi, wakanibeba hata begani, mimi na uzito huu. Nilitazama pazia nikisubiri lifunguke. Halikufunguka. Nikasikia mlango wa nyuma wa jukwaa ukilia, nikajua ametoka. Felisiani aliponikabidhi ubao mpya na cheti na kunitaka niseme neno, nilisema namshukuru mpinzani wangu popote alipo. Watu wakacheka sana.

Nilipanda bodaboda kwenda Milanzi, lakini habari zilikuwa zimeshafika kabla yangu. Baba alikuwa amekaa uani na kofia yake ya kanisani, na kofia ile haivai bila sababu. Hakunipongeza. Aliniuliza kama ni kweli kwamba mzee Limbu amesema mbele za watu hawezi kuketi meza moja na mimi. Nikamwambia ni kweli. Akasema basi, Jumatatu atawaita washenga na kuwarudishia maneno yao, kwamba binti yake haendi kuolewa kwa watu wasioweza kumtazama usoni. Mama aliendelea kusonga ugali, na ugali ule ulikuwa na mabonge ambayo sijawahi kuyaona kwa mama. Sikumbishia baba. Nitakuambia baadaye kwa nini sikumbishia.

Jumapili baada ya misa ya pili tukamwona mama Enock anakuja, peke yake, amevaa kitenge chake kipya, ana kibuyu cha samli mkononi. Baba alimkaribisha kwa sababu ni baba, lakini alimkaribisha kama anavyowakaribisha watu wa mikopo. Mama Enock akaketi, akasalimia, akasema ametumwa kuja kutoa pongezi kwa ushindi wa mtoto, na pia kuuliza ni siku gani ya Agosti wazee wa hapa watapenda kupokea ng'ombe.

Baba akasema kwa upole kwamba hakuelewa, maana mumewe amemkataa mtoto huyohuyo hadharani. Mama Enock akamtazama baba, akamtazama mama, akanitazama mimi, nikaona kabisa jinsi jambo lilivyomfikia polepole. Akashika kichwa. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na mama akacheka pia bila kujua anacheka nini.

Akatueleza kwamba kwao baba mkwe hamtazami mkwe wake wa kike usoni. Hamshiki mkono, haketi naye, halitaji jina lake, wakikutana njiani yeye ndiye anayetoka njiani. Akikaribia nyumba anakohoa ili mkwe apate nafasi ya kuondoka. Alisema yeye mwenyewe ameishi na mkwe wake, baba wa mzee Limbu, mpaka akamzika, na hajui macho yake yalikuwa na rangi gani, na hakuna mtu aliyewahi kumheshimu kama yule. Akasema kumkwepa mtu kwa namna hiyo ni kwa sababu amekwisha kuwa wako. Msichana wa kupita humkwepi, unamshika mkono na kumtania, kama alivyonishika mkono Pasaka. Ila siku washenga waliporudi kutoka Milanzi na kusema wamepokelewa, mzee aliweka bakora yake chini akamwambia mkewe kwamba sasa huyu ni mkwe, na tangu siku hiyo hakuwahi kulitaja jina langu.

Baba akauliza kwa nini basi hakusema pale ukumbini. Mama Enock akashangaa. Akasema atasemaje, na ng'ombe hawajafika? Mtu hawezi kusimama mbele za watu amwite binti wa mwenzake mkwe kabla wazazi wake hawajapokea kitu, huko ndiko kungekuwa kuwadharau. Mzee alikuwa amebanwa kotekote. Angeketi, angenivunjia heshima. Angesema, angeivunjia heshima nyumba yetu. Angeondoka na kuniachia ushindi wa bure, watu wangesema ameona kucheza na mwanamke ni aibu. Ndiyo maana aling'ang'ania kucheza, na ndiyo maana aliona pazia la Felisiani limeshushwa na Mungu. Na washenga walichelewa kwa sababu tu ng'ombe wenyewe wanapandishwa kutoka bondeni, na Enock ndiye anayewachagua, na unajua Enock akichagua.

Sisi tumekaa na Wasukuma miaka yote hii, dada. Tunanunua maziwa yao, tunalima na maksai wao, tunakaa nao benchi moja kanisani. Hakuna hata mmoja wetu pale uani aliyekuwa anajua. Nilipompata Enock kwenye simu nikamuuliza kwa nini hakuniambia, alisema alidhani najua. Nilimwacha juu ya kichuguu chake nikakata simu mimi, safari hii haukuwa mtandao.

Sasa nikuungamie, maana kwa padri sijafika na wewe ndiye wa kwanza. Nilipoishika ile ngome nikampa mzee, sikuwa nimepiga hesabu yoyote. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba nikishinda namwacha Enock na nikishindwa namwacha Enock, ila kwanza nitafanya kitu kimoja ambacho yule mzee hatakisahau. Nilitaka anione. Ndiyo sababu sikumbishia baba alipotaja washenga. Maneno ya kumwambia Enock nilikuwa nimeshayapanga kwenye bodaboda, makali, yenye akili, hata leo nikiyakumbuka nayaonea huruma kwamba hayakutumika. Nilikuwa na hasira na mtu aliyekuwa ananipa kila kitu alichokuwa nacho cha kunipa. Mama Enock alipomaliza kueleza, niliinuka nikaenda nyuma ya ghala nikalia, dada, nikalia kwa raha, mpaka kuku wakaja kuangalia. Mzee Limbu hatanitazama tena usoni maisha yake yote, na mimi sijawahi kujisikia nimepokelewa kama hivi.

Baba amevua kofia. Siku imepangwa, katikati ya Agosti, kabla sijakwenda Mbeya. Mama ameanza tena kuwaambia watu.

Mama Enock alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka barabarani. Akaniambia mzee alirudi nyumbani siku ile akapanga tena zile kete uani, na kizibo chake cha soda, akairudia ngome ile mpaka chakula kikapoa. Alikuwa na swali, akamwagiza mkewe aniulize, kama huwa nacheza hivyo siku zote au siku ile nilikuwa nimekasirika. Nikamwambia ampelekee ukweli, kwamba nilikuwa nimekasirika sana. Jana jioni limekuja jibu. Mzee anasema vizuri, basi watu wa nyumba hii tushirikiane tutafute namna ya kumkasirisha tena mkwe kabla ya Noeli, pazia litakapotundikwa tena.

Nisikuchoshe, na mafuta ya taa ya mama mlezi yasiishe kwa ajili yangu. Baba na mama wanakusalimu sana, mama anakukumbusha kuvaa sweta hata kama wenzako hawavai. Felisiani anakusalimu pia, anasema sauti yako ya alto kwenye kwaya haijapata mtu wa kuijaza. Tuombee Agosti ifike salama na ng'ombe wasigeuke njiani. Ukiruhusiwa kuandika, niandikie habari zako zote, na uniambie kama huko unovisini kuna ubao.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Avelina